Kiti cha Adila

Kaole,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kwako Adila, mdogo wangu,

Kwanza kabisa, shikamoo Matroni. Najua wewe ndiye unayefungua bahasha kabla ya mwenyewe, kwa hiyo nimeona nisikunyime salamu. Naitwa Mrisho, kaka yake Adila, kijana mtanashati kuliko wote kuanzia hapa Kaole mpaka soko la samaki Bagamoyo. Kama hujawahi kuniona, pole, siku moja utajaaliwa. Ukimaliza kusoma naomba umpe mtoto barua yake.

Sasa Adila. Sisi wazima. Bibi Mwanamvua mzima, goti tu linamsumbua, mdomo haujambo. Anakuombea mtihani wako wa kidato cha nne kila akimaliza kuswali, mpaka juzi nikamwambia, "Bibi, niachie na mimi nafasi kidogo kwenye hiyo dua." Akanijibu, "Wewe uliyeacha shule kidato cha pili nikuombee ufaulu nini, karai la mafuta?" Mkaanga samaki gani mwingine unamjua anayepinduliwa maneno kila siku na bado anang'aa?

Habari kubwa ni hii: wale watu wako wa kompyuta wamekuja kweli. Wamepanga ile nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wakapaka rangi ya manjano, wakaandika juu ya mlango KARAKANA YA PICHA. Ndani kuna kompyuta, na kuna vile vibao vya kioo vya kuchorea. Wenyewe wanaviita vishikwambi. Mimi naviita sinia, maana ndivyo vilivyo. Unachora kwa kalamu isiyo na wino, halafu picha inatembea. Wanafundisha vijana wa nyumba kama zetu, za kuunga unga, na hawataki hata senti.

Hapo kwenye hata senti ndipo Bibi alipoweka kikombe chini.

"Si ndugu yako," akasema, "hakuposi, hakudai, halafu anakupa mashine. Anataka nini?"

Nikamweleza: yule Mwalimu Nasrin aliyewachorisha watoto kwenye ua wa madrasa likizo ya Juni amekukumbuka kwa jina. Kiti chako kipo. Kila nyumba inapewa kiti kimoja tu, maana mashine ni chache. Masomo yenyewe ya mwaka mzima yanaanza Jumatatu ya tarehe 2 Desemba, na wewe mtihani utakuwa umekwisha. Mpaka hapo wanafundisha mwanzo mwanzo tu, na ndugu anaruhusiwa kukushikia kiti. Ila siku hiyo ya Desemba ikifika mwenyewe hujatokea, kiti kinabaki kwa aliyekikalia.

Bibi akafikiri, akanitazama kama anayenunua mbuzi. Akasema nikae mimi. Nichunguze. Nikikuta pana uchafu wowote, wewe hukanyagi pale.

Kwa hiyo mdogo wangu, kuanzia kesho jioni kaka yako ni jasusi. Kazi hii nilizaliwa nayo, walichelewa tu kunipa. Lala usingizi, soma, faulu. Macho yangu ni macho yako.

Kakako mpenzi,
Mrisho

Imesomwa. Matroni B.

*

Bwenini,
Jumatatu, 26 Agosti 2024

Kaka Mrisho,

Shikamoo. Barua imenifikia salama kwa mkono wa Issa wa gari la Miono. Matroni Batuli alinikabidhi bila hata kutabasamu, lakini mwenzangu Mwanaharusi aliyekuwa anafagia ofisi anasema alimsikia akicheka peke yake. Tafadhali usimzoee. Hapa anasoma zinazoingia na zinazotoka, na mwisho anaandika kwamba amesoma.

Kaka, nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Naomba nikueleze kitu ambacho sikumweleza hata Bibi. Ile siku ya Juni, wenzangu walichora magari na maua. Mimi nilichora ukili wa Bibi, ule mkanda wa miyaa ya mkindu anaoushona uwe mkeka, na ile nakshi yake nyekundu na nyeusi aliyofundishwa na mama yake. Mwalimu Nasrin akaupiga picha mchoro wangu, akagusa kioo hapa na hapa, na mwaa mmoja mwekundu ukainuka, ukapita juu ya mwenzake, kama unaosukwa na mkono usioonekana. Mwaa mmoja tu. Halafu likizo ikaisha nikarudi shule.

Tangu siku hiyo kila nikifumba macho nauona ule mwaa. Nataka kuuona mkeka mzima ukijisuka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo Bibi akitaka upeleleze, peleleza. Lakini mimi naomba ujifunze pia, unishikie na masomo, nikija nisianze nyuma. Niandikie wanavyofundisha, hata kama hukuelewa. Najua wewe ukiona kitu kigumu unakitania.

Na ukae vizuri kwenye kiti changu. Usikipake mafuta ya samaki.

Mdogo wako,
Adila

Imesomwa. Matroni B.

*

Kaole,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwako Adila, mtoto wa maagizo,

Shikamoo Matroni. Nasikia unacheka peke yako ofisini. Siri yako nitaitunza.

Adila, ripoti ya jasusi ni hii. Keti kitako.

Mwalimu Nasrin ni mwanamke wa makamo kidogo, ametoka Dar, anavaa miwani, na anajua majina yetu yote. Wiki ya kwanza tu! Mtu wa kawaida hawezi kujua majina ya watu wote wiki ya kwanza isipokuwa ana sababu. Hilo moja.

Pili, kuna kabati. La chuma, kona ya ndani, linafungwa kwa kufuli, na ufunguo anauvaa yeye mwenyewe shingoni. Nilimuuliza, "Mwalimu, mna nini humo?" Akacheka, akasema, "Kwani wewe hujui?" Sasa jibu gani hilo la mtu mwenye moyo safi?

Tatu, Ijumaa jioni anakuja bwana mmoja na begi jeusi. Haongei na sisi. Anazunguka ukutani anatazama juu, anatazama pembeni, anaandika vitu. Kwetu huku tunawajua watu wanaotembea wanatazama kuta za watu. Hawajawahi kutuletea heri.

Nne, wametuambia kila mtu alete nakshi ya kwao. Mlango wa kwao, hina ya shangazi yake, kofia, mkeka, chochote. Ya nini? Watu wazima na miwani yao watake mikeka ya Kaole ya nini? Nimemwambia Bibi, na Bibi amekunja mikeka yake yote akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Masomo? Aah, masomo ya kitoto tu. Mwanzoni kioo kilikataa kabisa kunisikia, kumbe vidole vyangu vimejaa mafuta ya nguru. Sasa naosha kwa ndimu na majivu kabla ya kwenda. Nimechora samaki. Ili apige mkia inabidi umchore tena na tena, picha kumi na mbili kwa sekunde moja tu, na kila moja mkia usogee kidogo, mwanzoni polepole, katikati upesi, mwishoni polepole tena. Ukisogeza sawasawa zote anakuwa kama mbao. Huo ndio utamu wake, kwenye kutosawazisha. Ustadhi wa madrasa akapita pale akatukuta, akauliza kwa nini tunachora viumbe vyenye roho. Nikamfuta samaki jicho, nikasema, "Huyu hana roho, Ustadhi. Huyu keshakaangwa." Hata Ustadhi alicheka.

Si kwamba napenda. Naripoti tu.

Mimi nakwambia kama kaka: pale pana kitu. Usianze kukipenda sana kiti kile.

Jasusi wako,
Mrisho

Imesomwa. Matroni B.

*

Bwenini,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikisoma napata woga mpya.

Mwalimu Nasrin aliponishika mkono Juni alinishika kama mama. Sasa najiuliza kama ni mimi niliyekuwa mjinga. Zile nakshi wanazitaka za nini? Nimefikiria labda wanataka kuzichapa kwenye kanga na mikeka ya plastiki, ziuzwe mjini, na Bibi abaki na goti lake. Kama ni hivyo, basi mchoro wangu wa Juni ndio ulioanza kumwibia Bibi, na aliyewapa ni mimi kwa mkono wangu.

Nakuomba mambo mawili. Lile kabati, jua lina nini. Na yule bwana wa Ijumaa, muulize jina. Usiogope. Ukitaka, mtanie, wewe watu hukujibu ukiwatania.

Huku tumeanza mitihani ya majaribio. Hesabu sikufanya vizuri. Nilikuwa nafikiria kabati.

Adila

Imesomwa. Matroni B.

*

Kaole,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Adila,

Shikamoo Matroni. Mwenzio leo sina utani, kwa hiyo soma upesi upesi.

Mdogo wangu, mambo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Yule bwana wa Ijumaa nilimuuliza jina, akasema, "Jina la nini, kijana?" Akafunga begi lake. Nilimwona akipiga picha mkono wa binti mwenye hina. Kabati bado limefungwa, na nikipita karibu Mwalimu ananitazama. Nimefanya nilichoweza. Jasusi hodari pia ana mwisho wake.

Bibi nimemweleza yote. Amesema imekwisha. Mtihani ukiisha usije huku kwanza, utapitiliza kwa Shangazi Ashatu, ukae naye mpaka Januari ukamsaidie shambani. Mwezi wa hewa safi utakunenepesha. Kiti, achana nacho. Mimi nitaendelea kukikalia kidogo ili wasishtuke kwamba tumewajua. Ni hatari, lakini nani mwingine anaweza?

Usilie. Kuna mambo mengi ya kufanya duniani. Cherehani, kwa mfano.

Halafu kuna swali dogo, si la maana. Bibi akishona ukili kuuzungusha uwe mkeka, zile nakshi nyekundu zinafika mahali zinakutana na zilikoanzia, na mtu haoni pa kuungia. Anafanyaje? Anaanza na mwaa upi ili mwisho uingie kwenye mwanzo bila kuruka? Nilimuuliza yeye akanifukuza, anasema nimetumwa na wale. Nauliza tu. Jibu ukipata nafasi. Ukijibu upesi itakuwa vizuri.

Kakako anayekujali,
Mrisho

Imesomwa. Matroni B.

*

Bwenini,
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nimekusikia. Nitakwenda kwa Shangazi Ashatu. Kalamu zangu za rangi nimewagawia wenzangu, sitazihitaji. Mwalimu wa darasa ameniuliza nataka kusomea nini baadaye, nimesema cherehani.

Msalimie Bibi. Mwambie anisamehe kwa ule mchoro.

Swali lako la ukili sikulielewa. Tulipokuwa wadogo, Bibi alituita sote wawili atufundishe, ukakimbia, ukasema mikono ya kiume haisuki. Leo unataka kujua mwaa wa kwanza. Kwa nini unauliza?

Adila

Imesomwa. Matroni B.

*

Bwenini,
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Kwa kijana Mrisho,

Assalaam alaykum. Mimi ni Batuli, mlezi wa bweni la wasichana. Shikamoo zako nilizipokea zote, na leo nakuitikia: marahaba.

Ulinikaribisha nisome, nami nimesoma. Mwanzoni nilikuona ni kijana mchangamfu. Baadaye nikaona nina mtahiniwa ambaye hali, hajibu darasani, na amegawa kalamu zake. Mtihani unaanza tarehe 11 Novemba. Mlezi akisoma kwamba binti aliye chini yake anawindwa na watu wa makabati na mabegi, hawezi kuandika "imesomwa" akalala. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa nikaja Bagamoyo. Nilifika Karakana ya Picha saa nne asubuhi, na wewe, nikaambiwa, ulikuwa sokoni na karai.

Niliomba kabati lifunguliwe. Mwalimu Nasrin hakusita. Ndani mna chaja zilizofungwa kwa mpira, feni mbovu, na fulana ya kiume inayonuka nguru. Aliniambia fulana ni ya kijana wake mmoja hodari, anaivua hapo kila siku na kuvaa safi kabla ya kugusa mashine, na ndiye aliyeomba iwe inafungiwa ili wenzake wasimcheke.

Bwana wa Ijumaa anaitwa Dadi, ni fundi umeme. Anatafuta pa kupitisha waya ili mfanye maonyesho ukutani Januari. Anakujua vizuri. Anasema kila Ijumaa humwachii aondoke mpaka akufundishe projekta.

Halafu Mwalimu akanionyesha kazi yako. Sijui mambo hayo, lakini nilivuta kiti. Niliuona mkeka ukijisuka wenyewe, mwaa baada ya mwaa. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Unapofika mwisho uanze tena, unaruka. Hapo ndipo nilipolielewa swali lako la ukili, na hapo ndipo nilipokasirika.

Mwalimu Nasrin sikumficha. Nilimwonyesha niliyoyanakili kutoka barua zako. Alisoma, kisha akavua miwani.

Adila sijamwambia. Habari za kaka yake si zangu kuzitoa. Utaandika wewe, na utaandika upesi, maana mtoto ana mtihani. Barua yako nitaisoma kama kawaida yangu.

Wako katika malezi,
Batuli

*

Kaole,
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Adila,

Shikamoo Matroni. Leo nimeiandika kwa adabu, unaweza kumuuliza Bibi, nimekaa kitako.

Adila, kabati lina fulana yangu.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo dogo. Lina fulana yangu na chaja, na nilijua tangu wiki ya kwanza. Aliposema "kwani wewe hujui?" ni kwa sababu ni mimi niliyeiweka. Yule bwana wa Ijumaa ni Dadi fundi umeme, anatafuta pa kupitisha waya za maonyesho yetu ya ukutani Januari, mtu mwema, anapenda kahawa. Hajapiga picha mkono wa mtu yeyote. Hakuna anayemwibia Bibi nakshi, na mchoro wako wa Juni upo ukutani umeandikwa jina lako kwa herufi kubwa. Nakaa chini yake kila siku. Aliyekuwa anaichukua nakshi ni mimi.

Wiki ya kwanza nilikwenda kweli kupeleleza. Nikatafuta ubaya kwa moyo wote, unanijua nikitafuta kitu. Sikuupata. Halafu siku ile mkia wa samaki ulipokubali, Mwalimu Nasrin alisimama nyuma yangu akasema, "Mrisho, rudia tuone tena." Adila, mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, na nilikuwa nikiambiwa "Mrisho toka nje," "Mrisho nyamaza," "Mrisho kamwite mzazi." Hakuna aliyewahi kuniambia rudia. Nikarudia. Nikarudia mpaka wakazima taa.

Nikapiga hesabu zangu. Wewe una mtihani, vyeti vinakuja, dunia itakuita. Mimi nina karai. Nikaona kiti kimoja ukikikosa, una vingine. Nikaanza kuchafua mahali penyewe. Ubaya ni kwamba nilichafua vizuri mno, kila kitu mimi nafanya vizuri mno, mpaka Bibi akaficha mikeka na mimi mwenyewe nikakosa pa kutazama.

Kalamu kugawa sikutegemea. Hilo Matroni aliponiandikia nilikwenda nyuma ya nyumba.

Mwalimu Nasrin hakunifukuza. Jumatano, baada ya barua ya Matroni, nilipofika alisema, "Kaa, Mrisho, tuendelee." Nikasema, "Hiki kiti kina mwenyewe." Nimesimama tangu siku hiyo. Nashika kalamu nimesimama, mgongo unaniuma kama mzee, na wenzangu wanacheka.

Bibi nimemwambia pia, nikasubiri kofi. Hakunipiga. Aliivuta mikeka kutoka uvunguni, akaitandika mmoja mmoja, akaketi juu ya ule wa nakshi nyekundu. Nikasema, "Basi Bibi nionyeshe tu pa kuungia, mwisho unavyoingia mwanzo." Akasema, "Pa kuungia nimemfundisha mwenye kiti."

Kwa hiyo mkeka wangu bado unaruka. Nimeuacha hivyo hivyo. Picha zote zipo isipokuwa chache za mwisho, na hizo sizijui.

Njoo Adila. Wala huna haja ya kuniamini. Njoo tu.

Mrisho

Imesomwa. Matroni B.

*

Bwenini,
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Kaka Mrisho,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Kwanza nilikuwa na mtihani, na pili nilitaka ukae na barua isiyo na jibu, uone inavyokuwa. Sasa umebaki mtihani mmoja.

Nilijua kabla hujasema. Si yote, lakini nilianza kujua kwenye swali la ukili. Usiku ule nilikaa kitandani nikakumbuka na ile habari ya mkia, polepole, upesi, polepole. Mtu anayechukia mahali haelezi mkia namna ile. Ila kalamu nilikuwa nimeshagawa. Nimejaribu kuzidai, zimerudi mbili, moja Mwanaharusi ameitafuna.

Nilikasirika mpaka nikaandika barua nyingine kabla ya hii. Hiyo Matroni aliniambia niikunje niiweke chini ya mto nifanye mtihani wa Hesabu kwanza. Asubuhi yake sikuitaka tena.

Sasa sikiliza, na usinipinduepindue maneno. Kiti ni changu, na ninakitaka. Unasema dunia itaniita. Kaka, mimi sikungoja dunia, nilingoja kile kiti. Sitakuachia kwa kukuonea huruma, na usiniandikie habari za karai tena.

Wewe utasimama nyuma yangu, umeosha mikono kwa ndimu na majivu, uniambie pa kugusa, maana umenitangulia kwa miezi mitatu na hilo halifutiki. Nikichoka utakaa. Nitachoka mara nyingi, mimi nachoka upesi, ila kusema nimechoka ni juu yangu. Mkeka ukionyeshwa ukutani Januari utaandikwa majina mawili, langu juu.

Na sikuamini. Siku nitakayoteremka, sitakwenda nyumbani kwanza. Nitapita Karakana na sanduku langu kichwani bila kukuambia saa, nikukute umesimama. Nikikukuta umekaa, hata kama ni kwa bahati mbaya, hata kama ni kufunga kamba ya kiatu, tumeachana.

Pa kuungia napajua. Mikono inapajua, huwa nasuka shukani usiku nikikosa usingizi. Nilitaka nikuandikie hapa hapa mwaa upi unaanza, lakini nakshi ni ya Bibi, na barua hii lazima isomwe na Matroni. Nitakuonyesha nikifika.

Mwambie Bibi atandike.

Adila

Naandika juu ya bahasha: hii nimeipitisha bila kuifungua. Batuli.